Sahani Waliyoiacha

Kama ulipasuliwa kichwa ukapona, na miaka imepita, na leo mwili wako umeanza kufanya mambo ambayo hukuutuma, keti hapa karibu nami nikusimulie. Mimi si daktari. Nilichosoma ni katekisimu na kushona. Lakini nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali mpaka nikajua lipi lina msumari, na nimeanguka mbele za watu kuliko mlevi yeyote wa bandarini Kalundu, bila kuonja hata tone. Nilipokuwa katikati ya mambo hayo nilitamani mtu mmoja tu wa kuniambia, "Hata mimi yamenipata, na bado ninapika, bado ninacheka." Sikumpata. Basi acha mimi niwe mtu huyo kwako.

Ugonjwa wenyewe ulinianza Wabelgiji wangali wapo. Mume wangu, Baba Furaha, alikuwa fundi wa mashine katika kampuni moja ya pamba. Daktari wa kampuni aliniona nikigonga mlango kwa bega la kushoto kila nilipopita, kwa kuwa upande ule macho yangu yalikuwa hayaoni tena vizuri, akaagiza nipelekwe Léo, yaani Léopoldville, mji mkuu, kwa ndege. Huko daktari mmoja aliyetoka Ulaya alinifungua kichwa akatoa kitu ambacho waliniambia kilikuwa kikubwa kama yai la bata. Mimi sikukiona na sikuomba kukiona. Nilirudi kwetu Uvira, kando ya ziwa, nimenyolewa, na juu ya sikio la kulia pamebaki kibonde ambacho kidole gumba kinaenea vizuri. Watu walikuja kunitazama, hata wale ambao hawakuwahi kunisalimia.

Nywele ziliota tena, isipokuwa kwenye kovu, na pale kitambaa kilisaidia. Uhuru ulipofika nilicheza barabarani na wanawake wa parokia mpaka kiatu kikakatika. Nilijiona nimemaliza. Hakuna aliyeniambia kwamba mtu anaweza kupona ugonjwa, halafu baada ya miaka akaanza kuugua yale yaliyoachwa na ugonjwa. Kama na wewe hukuambiwa, hujadanganywa peke yako.

Ilinikuta kiangazi, uhuru ukiwa bado mchanga. Kwetu wanawake tulikula pamoja, kwenye sahani moja kubwa ya bati, ya buluu, ambayo Baba Furaha aliinunua Usumbura, ng'ambo ya ziwa, tulipooana. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu Furaha, na wifi yangu Veronika. Veronika ni dada mkubwa wa mume wangu. Alifiwa na mume mapema akaja kukaa nasi, na nyumba yetu ilimtegemea kwa kila kitu. Tulikuwa tunakula ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Nikasikia harufu ya viazi vitamu vinavyoungua.

"Furaha, viazi vinaungua."

"Mama, leo atukupika viazi."

Kilichofuata sikijui. Nilipofumbua macho nilikuwa sakafuni, ulimi unavuja damu, nguo imelowa, Furaha analia. Veronika alikuwa amesimama ameegemea ukuta, mikono ameificha nyuma. Povu langu lilikuwa limeingia katika ugali. Chakula kile kilifukiwa nyuma ya nyumba, na kesho yake ile sahani kubwa ya buluu ikawa yangu peke yangu.

Unajua kwetu wanavyosema juu ya ugonjwa wa kuanguka. Wanasema povu linaambukiza, kwamba ukila na mgonjwa au ukimshika anapotetemeka, umeshauchukua. Veronika hakunitukana, hata neno baya hakunitolea. Alinunua sahani nyingine ndogo kwa ajili yake na Furaha, na yangu akaitundika nje, msumarini chini ya paa, karibu na ufagio. Kila mpita njia aliiona. Nikawa nakula kijiugali changu pembeni, katika sahani iliyotosha watu wanne. Nilichekea uchungu, lakini nakwambia ukweli, yale matonge ya peke yangu yalikwama kooni kuliko dawa yoyote.

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa lile yai. Nilidhani limerudi. Baba Furaha alinipeleka hospitali, tukaketi kwenye benchi na mama mmoja mwenye mapacha wenye surua na mvuvi aliyenaswa na ndoana yake mwenyewe kiganjani. Yule mvuvi alitugawia hindi la kuchoma kwa mkono wake mzima. Madaktari Wazungu walikuwa wameshaondoka. Aliyebaki ni muuguzi tuliyezoea kumwita Enfirmie, kana kwamba mama yake hakumpa jina. Aliniambia nibane vidole vyake, nitembee, nifuate kalamu yake kwa macho. Mkono wa kushoto ulibana kivivu.

"Mama, minye siko munganga mukubwa," alisema. "Lakini naona ile kitu aikurudia. Kidonda kilipona. Sasa kovu ndiyo inanuna. Kunywa hizi kila siku, na usiruke hata siku moja."

Nililia kwa furaha mpaka yule mama wa mapacha akanionea huruma, akidhani nimeambiwa nitakufa.

Vidonge vile vyeupe vilipunguza kuanguka, ila vilinipa usingizi na kunifungia ulimi. Maneno yakawa yananikimbia. Nikitaka ufagio nasema, "Nipe kile cha kufukuzia vumbi." Furaha alicheka, nami nikacheka naye, kisha nikaenda chooni kulia kidogo. Ukifika hapo, usijione umekuwa mjinga. Neno likikimbia, lizunguke tu, watu wako watajifunza lugha yako mpya.

Mume wangu si mtu wa maneno hata kidogo, na kwa hilo alinifaa sana. Alikata miguu ya kitanda chetu ili nisianguke kutoka juu. Alizungushia jiko kiukuta cha udongo kinachofika magotini. Na kwa sababu ziwa si mahali pa mtu anayeweza kuzimika ghafla, akaanza kuteka maji pamoja nami kila asubuhi, mwanamume mzima na ndoo. Majirani walimcheka hadharani.

"Minye napenda maji," aliwajibu, akaendelea kupanda na ndoo yake.

Basi Furaha, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshaolewa na mwalimu, akaja kujifungulia kwetu. Mume wake alikuwa anafundisha Bukavu, na baadaye njia ikafungwa yeye akiwa huko. Mtoto akawa msichana, tukamwita Zawadi. Katika ukoo wetu iko desturi moja: mtoto akianza kula, tonge lake la kwanza hulipokea mkononi mwa bibi yake, kutoka katika sahani ya bibi yake, akiwa amepakatwa naye. Mama yangu alimlisha Furaha hivyo. Mimi nilikuwa nimelingoja tonge hilo tangu Furaha alipovaa shela, na sasa nilikuwa na sahani ambayo watu hawakutaka hata kivuli chake kiwaguse.

Veronika alinijia siku ile ile mtoto alipozaliwa, akachuchumaa mbele yangu, macho chini.

"Wifi, usinikasirikie. Mutoto abakie kwetu kwanza. Weye utamwangalia tu, sawa?"

"Na tonge?"

"Tutaona."

Furaha alisimama kati yetu kama mtu anayevutwa mikono na watu wawili. Akatafuta njia yake: aliketi pembeni yangu, mtoto amempakata yeye, akanifungulia kile kiganja kidogo kinishike kidole. Nilikitoa kidole na kumpa, na mengine yote nikayaficha tumboni. Niliumia sana. Sitaki kukudanganya kwamba nilielewa au nilisamehe. Niliumia, na usiku nilimkasirikia Mungu, asubuhi nikamwomba radhi.

Kisha uasi dhidi ya serikali ukatufikia. Sitasema nani alikuwa na haki, wapo watakaokusimulia hayo. Mimi nilichokiona ni askari wakipanda malori bila kufunga viatu, na vijana wakishuka milimani wamejifunga majani kichwani, na sokoni moshi. Moshi ule ulinichanganya kuliko bunduki, kwa sababu harufu ya kuungua ndiyo iliyonijia kila mara kabla ya kuanguka, na kwa wiki nzima sikujua ipi ni ya kichwa changu na ipi ni ya mji. Kila niliposema, "Nasikia kitu kinaungua," Baba Furaha alinusa kwanza hewani, kisha akaniambia nilale au tukimbie.

Nilikwenda hospitali. Yale mabenchi yalikuwa matupu, moja limebebwa. Enfirmie alikuwa anafunga mizigo yake. Alinimiminia vidonge vyote vilivyobaki kwenye pembe ya kikwembe changu, nguo ile niliyojifunga, akakaza fundo mwenyewe.

"Gawanya, mama. Usikubali viishe mara moja."

Tukaondoka Uvira na watu wengine wengi, tukipita chini ya milima kuelekea kaskazini. Baba Furaha alinifunga kitambaa kiunoni akashika ncha yake, ili nikizimika nisiporomoke. Nilimwambia ananipeleka kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Akasema mbuzi huwa haongei sana hivyo. Ndiyo maneno marefu aliyosema siku nzima. Tulipumzika Kiringye kwa kaka yangu, naye akatupa unga na mahali pa kulala. Lakini barabara ilipita mlangoni kwake, na kila aliyekuwa na silaha alipita barabarani. Tukapanda milimani, Rurambo.

Rurambo ni baridi. Asubuhi ukungu unaingia ndani bila kubisha hodi. Mama mmoja mfugaji, Mama Rebeka, alitupokea akatupa nyumba ndogo kando ya zizi lake, nasi hatukuwa ndugu zake wala hatukuwa na cha kumlipa. Jioni ya kwanza alituletea maziwa katika chombo cha mti, kimoja. Kule maziwa huzungushwa. Unakunywa, unampa aliye karibu nawe, naye anakunywa palepale ulipoweka mdomo, na mtu hakatai isipokuwa kama ana ugomvi nawe. Chombo kikatoka kwa Furaha, kikaja kwangu. Nilihisi Veronika, aliyekuwa anafuata baada yangu, anaacha kupumua.

Nikakipitisha bila kunywa.

"Maziwa yangu ni mabaya?" akauliza Mama Rebeka, taratibu.

Veronika akawahi kujibu. "Hapana, mama. Wifi yangu aliweka kiapo. Hatakunywa maziwa mupaka vita iishe."

Mama Rebeka aliniheshimu sana kwa kiapo hicho, akawaambia na majirani. Kwa hiyo kila jioni maziwa yalinipita, na katika mlima uliojaa ng'ombe mimi peke yangu nikawa nakunywa maji. Wakati ule ule nusu za vidonge vyangu zikawa robo, na mkono wa kushoto ukawa unaangusha vitu. Zawadi alikuwa anakua kwa maziwa ya Furaha na ya Mama Rebeka, akaanza kutazama midomo yetu tukila.

"Bukari atakula tukirudia kwetu," Furaha alikuwa akisema juu ya tonge hilo la ugali, kila mara bila kunitazama. Nami nilijua anamaanisha nini. Hakutaka kuchagua mkono.

Asubuhi moja ya ukungu, Furaha ameenda kuteka maji na mtoto mgongoni, tulibaki wawili ndani, mimi na Veronika, tunamenya viazi karibu na moto. Kule hakukuwa na kiukuta cha Baba Furaha. Nikasikia harufu, na safari hii ilinitatiza, kwa sababu viazi vilikuwepo kweli.

"Wifi, kuna viazi vinaungua?"

Veronika akatazama motoni. "Apana. Viko vyote mukononi mwetu."

Nilijaribu kusogea nyuma. Sikuwahi.

Nilirudi taratibu, kama kawaida: kwanza sauti, kisha mwanga, kisha aibu. Kichwa changu kilikuwa juu ya kitu laini. Kilikuwa juu ya mapaja ya Veronika. Kiganja chake kilikuwa chini ya shavu langu, na povu langu lote lilikuwa kwenye kikwembe chake. Mkono wake mwingine ulikuwa mwekundu kutoka kiwiko mpaka kwenye kifundo. Alikuwa ameupitisha kati yangu na mafiga. Alikuwa analia bila sauti, akitazama mlango.

"Twalikuwa na ndugu," aliniambia. "Baba Furaha akukwambia?"

Ulimi ulikuwa umevimba, nikatikisa kichwa.

"Mudogo wetu. Alikuwa anaanguka kama weye. Minye ndiyo nilikuwa ninamupikia, nilikuwa kasichana. Siku moja akaangukia mu moto. Watu twalikuwepo. Twalikuwa wengi, wifi. Bote wakasema, usimuguse, usimuguse. Na minye sikumugusa."

Alinisafisha uso kwa upindo wa nguo yake. Miaka yote ile tulikaa nyumba moja, nami nilidhani ananiogopa mimi. Nilimshika mkono ule usioungua, tukakaa hivyo mpaka Furaha akarudi na maji. Mama Rebeka alileta siagi ya kupaka palipoungua. Alitazama nguo ya Veronika, kisha akanitazama mimi.

Labda unadhani mambo yaliishia hapo. Hapana. Jioni maziwa yalizunguka, yakanipita, kwa kuwa kiapo ni kiapo na sote tuliona haya kukifumua. Zawadi alibaki mapajani kwa Furaha. Kumshika mtu anapoanguka ni jambo moja, mkono unaenda wenyewe. Kuketi naye chakulani akiwa mzima, ukiwa na muda wa kuogopa, ni jambo jingine. Nasema hivi ili usikate tamaa watu wako wakikupenda nusu nusu. Nusu nayo hukua.

Mvua zilipoanza, habari zikaja kwamba mji umetulia, tukashuka. Mama Rebeka alitusindikiza mpaka pale njia inapoanza kuteremka, akaniambia sasa vita imeisha, nirudi siku moja ninywe. Nilimwahidi.

Nyumba yetu ilikuwa imesimama, na hilo tu. Mlango ulikuwa umeng'olewa. Sufuria zote hazipo. Cherehani yangu haipo. Vitanda hawakuviacha, hata kile chetu kifupi kisicho na miguu, nami nikajiuliza yule mwizi alikifikishaje kwake bila kuchekwa. Mikeka, ndoo, picha ya Bikira Maria, hata ule ufagio, vyote vimekwenda. Tulizunguka kila chumba, tukatoka nyuma, na pale chini ya paa, juu ya msumari wake, sahani ya buluu ilikuwa inaning'inia, na vumbi lake.

Tulisimama wote tukaitazama. Kwa hiyo wezi walikuwa watu wa mtaani kwetu, waliojua ni ya nani. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasikia sauti nyuma yangu, nikageuka. Veronika alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope, ameshika tumbo kwa ule mkono wenye kovu, machozi yanamtoka.

"Hata bezi baliogopa," alisema. "Wifi, hata bezi."

Nikacheka na mimi. Baba Furaha alitungoja tumalize, kisha akaitungua.

"Basi sahani iko," alisema. "Tutakula."

Jirani alituazima sufuria. Unga tulikuwa nao wa Kiringye, na ufukweni wanawake walikuwa wameanza tena kuanika ndagala, wakatupa konzi mbili tatu. Mimi nilikatazwa kuukaribia moto, nikaketi juu ya jiwe nikitazama. Veronika aliisugua sahani ile kwa majivu mpaka ikang'aa, akaipakulia ugali wote, mlima mzima, akaiweka katikati ya sakafu tupu. Baba Furaha naye aliketi na wanawake, maana hapakuwa na chombo kingine cha kumtengea. Veronika akanawa. Akamega yeye wa kwanza, akachovya, akala, akatafuna polepole kama mtu anayepiga ishara ya msalaba moyoni.

Furaha akamnyanyua Zawadi, ambaye sasa alikuwa na meno mawili, akamweka mapajani mwangu.

"Mama, mupe."

Sikumtazama mtoto. Nilimtazama Veronika.

"Wifi," akasema, akinisogezea mchuzi, "mutoto iko na njaa. Unangojea nini?"

Nilimega kipande kidogo, nikakifinyanga kwa vidole vya kulia mpaka kikawa laini, nikakichovya. Mkono wa kushoto uliomshika mtoto ukaanza kulegea, kama ulivyo hata leo jioni zikifika. Kabla sijasema neno, nikahisi mkono wa Veronika unaingia chini ya wangu, umebeba mtoto na mimi pamoja. Zawadi akafungua mdomo. Nikamlisha.

Akalitema tonge lote kwenye kikwembe changu. Nikamfinyangia jingine.